Kizimba cha Vyumba Viwili

Baba alitoka kununua kiberiti akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya shati.

Kiberiti chenyewe hakukileta. Mama aliondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani, mashine ikanyamaza, akamtazama kuanzia viatu hadi kwenye lile tumbo lililokuwa likichezacheza lenyewe.

"Nani kakupa?"

"Hakuna. Amenifuata."

"Huyo hata kusimama hajui. Amekufuataje?"

"Polepole," akasema Baba.

Kwa Baba, hayo yalikuwa mazungumzo marefu. Amekuwa seremala miaka thelathini, na robo ya vitanda vya mtaa huu ni kazi yake. Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Alimalizia kiti alichokuwa nacho, akapangusa patasi zake moja moja, akazifunga kwenye kitambaa, akaniambia, "Karakana ni yako." Kisha akahamia kwenye kiti cha dirishani, akawa anaitazama barabara kama mtu aliyeajiriwa kuilinda isiibiwe.

"Mbwa hukaa nje," Mama akasema.

"Nje hakuna ua."

Hilo lilikuwa kweli. Mlango wetu wa mbele unafungukia barabarani, na wa nyuma unafungukia kwenye kichochoro cha watu wote, choo chetu kikiwa mwisho wake. Mbwa akaingia ndani. Siku hiyohiyo alikimbia na msumari wangu wa inchi tatu mdomoni, tukamwita Msumari.

Sasa, Mama ni fundi wa nguo, na nguo hazikatii mezani. Anazikata sakafuni, sebuleni, akiwa amepiga magoti. Sakafu ile ndiyo meza yake, ndiyo ofisi yake, na Msumari alipoiona alidhani imewekwa kwa ajili yake. Alikojoa chini ya cherehani. Alikojoa kwenye mguu wa kabati. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumamosi, alikojolea mkono wa gauni la bibi harusi. Mkono tu, gauni lilikuwa bado halijaunganishwa.

Mama hakupiga kelele. Mama akipiga kelele kuna nafuu. Aliufua ule mkono, akauanika, akaupiga pasi, ndipo akachukua simu akampigia kaka yake wa tumbo moja, yaani mjomba wangu, mwenye kiwanda cha matofali nje ya mji. Mjomba ana mbwa wanne. Kila mmoja ana mnyororo wake na nguzo yake, na mpaka anakufa anaijua nguzo hiyo tu.

"Wiki moja," Mama akatuambia alipoweka simu chini. "Jumamosi ijayo anakuja kuchukua suruali zake. Akikuta sakafu yangu kavu, mbwa anabaki. Akinikuta nimeshika tambara, anapakia suruali na mbwa."

Baba alimwinua Msumari kutoka sakafuni, akamweka mapajani, akageukia dirisha. Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo. Katika siku tatu zile Baba alikuwa ameamka mapema, amenyoa ndevu, na ametoka nje mara nyingi kuliko mwaka mzima. Jana yake alikuwa amecheka. Nilikuwa karakana nikadhani kuna mgeni.

"Niachieni mimi," nikasema.

"Wewe umewahi kufuga nini?" Mama akauliza.

"Nitajua."

"Kuku uliwapa maji ya betri."

"Nilikuwa na miaka mitano, Mama."

Nilikwenda kwa daktari wa mifugo. Akaniambia bila kupoteza muda: "Mtengenezee kizimba. Kidogo. Aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, atajizuia. Akiamka, nje. Akishakula, nje. Akikojoa nje, msifu. Akikosea ndani, usimpige, hatajua unampigia nini. Na usimfungie kutwa nzima, bado mtoto."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama yeye."

Neno hilo liliniudhi njia nzima. Kidogo! Mimi si mgongaji wa makreti ya nyanya. Mikono hii imetoa makabati ambayo ukifunga mlango husikii kitu, unaona tu umefungwa. Nimebaki na mbao nzuri za kazi iliyopita na vipande viwili vikubwa vya plaiwudi, halafu nitengeneze kitu kidogo? Watu wangesema mtoto wa mzee yule naye ameishia kwenye mabanda ya sungura.

Nikafanya kazi Jumapili na Jumatatu. Nilipiga randa, nikapiga msasa mara tatu, nikapaka vanishi. Viungo vyote niliingiza mbao kwa mbao, bila msumari hata mmoja. Nikaweka bawaba za shaba na komeo. Juu ya mlango nikachonga jua linalochomoza, na miale kumi na moja. Ndani nikagawa vyumba viwili, cha kulala na cha kupumzikia, na uwazi wa kupita katikati.

Tulikiingiza sebuleni watu watatu. Msusi wa nyumba ya pili alikuja kukiona, akakizunguka, akapiga kofi moja.

"Chumba hicho cha pili kina mtu?"

"Ni cha mbwa, dada."

"Nauliza tu. Mimi na wanangu tunalala wanne kitanda kimoja."

Baba alikitazama kizimba. Akamtazama mbwa. Akakitazama kizimba tena, akafungua mdomo.

"Baba, hicho nimeshakimaliza," nikasema.

Akaufunga.

Jumanne asubuhi Msumari aliamka katika chumba cha kulala, akajinyoosha, akavuka uwazi ule, akakojoa katika chumba cha kupumzikia, akarudi kulala. Alifanya hayo kwa utulivu wa mtu mwenye hati ya nyumba. Nikapima na kugundua kwamba hata tone moja halikuvuja nje. Viungo vyangu havivuji.

Mama alichungulia kwa muda mrefu.

"Umemjengea choo cha ndani," akasema.

"Mama, ni siku ya kwanza."

"Mimi nina miaka ishirini na sita katika nyumba hii. Nikitaka choo navaa ndala, natoka nje, mvua ikinyesha nachukua mwavuli. Mbwa ana siku sita, ana choo cha ndani."

Nikafuata mengine yote ya daktari. Baada ya kula nilimtoa nje; alinusa majani, akatazama watu wakipita, akanitazama mimi kwa huruma, akajizuia. Nikimrudisha tu, anakimbilia chumba cha pili. Kufikia Jumatano alikuwa amejifunza kabisa. Tatizo ni alichojifunza. Tena alikuwa akitoka humo na miguu mibichi na kupita juu ya vitambaa, na Mama alikuwa ameanza kutembea na tambara begani, kama askari na bunduki.

Siku hiyo jioni Baba alirudisha kiti chake dirishani, kile alichokuwa amekisogeza karibu na kizimba. Hakuna aliyemwambia akirudishe.

Alhamisi nikarudi kwa daktari na hasira zangu. Nilimkuta ameingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani.

"Kizimba chako hakifanyi kazi," nikamwambia.

"Kina ukubwa gani?"

Nikamwambia. Ng'ombe akageuza kichwa.

"Ulimpima nani?" akauliza daktari.

"Sikumpima mtu. Nilikuwa na mbao za ukubwa huo."

Hakucheka. Pengine kwa hali aliyokuwa nayo asingeweza. Alisema tu, "Basi umezitengenezea mbao kizimba," akaendelea na ng'ombe wake.

Nilirudi kwa miguu, na swali lile likawa linatembea nami. Ulimpima nani? Nililijua swali hilo. Nilikua nalo. Baba hakuwahi kutengeneza kitanda bila kumlaza mteja. Ukija kwake kutaka kitanda, anakwambia vua viatu, lala hapo chini kwenye maranda ya mbao, lala unavyolala kwako. Wengine wanalala chali, wengine wanajikunja kama kamba, wengine wanaanza kukoroma kwa mzaha na kumaliza kwa kweli. Baba anapiga magoti na chaki, anakuzungushia mstari. Wanandoa aliwalaza wote wawili, na mara mbili ugomvi ulianzia hapo hapo sakafuni. Mtaa mzima umewahi kulala kwenye sakafu ya karakana yetu.

Mimi niliona haya. Siku niliyokabidhiwa karakana, kitu cha kwanza nilichofanya ni kubandika karatasi ukutani: futi tatu na nusu, futi nne, futi tano, futi sita. Chagua, lipia, nenda. Wateja wa zamani waliniuliza, "Silali?" Nikawajibu, "Hulali." Na Baba, dirishani, alisikia yote.

Nilimkuta palepale. Msumari alikuwa chini ya kiti chake.

"Shikamoo, Baba."

"Ulishanisalimia asubuhi."

"Ndiyo." Nikasimama. Kuna maneno mepesi kama pamba na ukiyabeba yanakuvunja mgongo. "Naomba unipimie mbwa."

Alitazama barabara. Gari likapita, pikipiki ikapita. Akauinua mkono wake wa kulia, ukawa unatetemeka mbele ya macho yetu sote wawili.

"Mkono huu?"

"Huohuo."

Akainuka.

Kule karakana, Msumari hakutaka kulala. Nilimlaza, akainuka. Nikamlaza tena, akadhani ni mchezo, akaning'ata kidole. Baba alitutazama, kisha akavua viatu na kujilaza mwenyewe kwenye maranda, kwa ubavu, mzee wa miaka sitini na tatu mwenye shati safi. Msumari akamwendea, akazunguka mara mbili, akajikunja kwenye kifua chake, akafumba macho.

"Chaki," Baba akanong'ona.

Nikampa. Akamzungushia mstari. Mkono ulitetemeka, chaki ikatetemeka, mstari ukaenda kama mto.

"Umepinda," akasema.

"Mbwa naye amepinda."

"Ongeza vidole vinne, ageuke. Na ukuta wa nyuma usiufunge kabisa. Uweke uteleze, uwe unausogeza kadiri anavyokua." Akanirudishia chaki. "Nilitaka kukwambia Jumatatu."

"Najua, Baba."

Nilichukua msumeno nikakikata kizimba changu. Chumba cha kupumzikia kilikwenda chote. Katika kukata mlango, jua nililolichonga likabaki nusu, na miale mitano, na mpaka leo huwezi kujua linachomoza au linazama. Kilichobaki nikakisugua kwa sabuni na siki mpaka harufu ikaisha. Hakikuwa kizuri. Msumari aliingia, akageuka mara moja, akalala, na hakukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Tangu hapo Baba ndiye aliyeshika saa. Msumari akifumbua jicho, Baba yuko mlangoni. Akimaliza bakuli, Baba yuko mlangoni. Akikojoa nje, Baba anamsifu hadharani, kwa sauti, mpaka wapita njia wanageuka kuona nani amefaulu mtihani. Alhamisi jioni alikosea mara moja. Ijumaa hakukosea. Tambara la Mama lilitoka begani likahamia kwenye kitasa cha mlango wa nyuma.

Jumamosi saa nne Mjomba akaegesha gari lake la mizigo mbele ya mlango na kuingia na mnyororo mkononi.

"Yuko wapi mlinzi wangu?"

"Suruali ziko mezani," Mama akasema. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, na gauni zima la bibi harusi limetandazwa mbele yake, jeupe, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Huyu ndiye?" Mjomba akainama, akagonga kizimba kwa mnyororo. "Amka, bwana! Kazi!"

Msumari aliruka. Baba akafungua komeo, maana mbwa aliyeamka hazuiwi. Msumari akatoka, akasimama ukingoni mwa gauni, akalinusa. Kisha akaanza kuzunguka.

"Anazunguka," Mama akasema kwa sauti ya chini kabisa. Alikuwa ameshainuka, mkono kwenye kitasa cha mlango wa nyuma, kwenye tambara.

Baba hakukimbia. Alikwenda kwenye mlango wa mbele, akaufungua, akasimama kando kama mlinda mlango wa hoteli. Mbwa akamwona. Akaacha kuzunguka katikati ya mzunguko. Akapita kando ya gauni, akapita katikati ya miguu ya Mjomba, akavuka kizingiti, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele la gari, na akakojoa kwa muda mrefu kuliko ukubwa wake ulivyoruhusu.

"Safi kabisa!" Baba akapaza sauti. "Kijana safi kabisa!"

"Hilo ni gari langu!" akasema Mjomba.

"Gari liko ndani au nje?" Mama akamuuliza.

"Dada, hii ni—"

"Nakuuliza. Ndani au nje?"

Mjomba akalitazama gari, kana kwamba lingeweza kumsaidia.

"Nje."

"Chukua suruali zako."

Alizichukua. Mnyororo aliusahau, na Mama anautumia kufungia mlango wa choo, ambao ulikuwa ukigongagonga kila upepo ukivuma.

Jumatatu, Baba alikuja kukaa karakana. Alisema sebuleni kuna joto. Saa tatu hivi akaingia mama mmoja anayeuza mikate, mnene, mwenye haraka, akataka kitanda cha futi tano. Nilielekeza kidole kwenye karatasi ya ukutani. Kisha nikamwona Baba akijitahidi sana kutazama barabara.

"Vua viatu, mama," nikasema. "Ulale hapo chini."

"Nilale? Kwenye hayo maranda?"

"Lala unavyolala kwako."

Baba akawa tayari ametoa chaki kwenye mfuko wa shati. Msumari akatangulia, akazunguka mara mbili, akajikunja katikati ya sakafu, ndani ya mstari wake uliopinda, ambao sijaufuta.

Mama wa mikate akaweka pochi chini, akatazama mbwa, akatutazama sisi.

"Na huyu?"

"Huyo kapimwa tayari," Baba akasema. "Msogeze, ulale."