Ngozi ya Mama Fikirini

Thobias alikuwa seremala hodari na mwongo wa wastani, kama wengi wetu. Ila uongo alioapa mwaka 1951 ulimtosha maisha yake yote.

Aliapa kwamba yeye ndiye wa kwanza kubuni sanduku la kuoshea dhahabu lenye ngozi ya ng'ombe chini, manyoya yakielekea yanakotoka maji ili yanase chembe. Mbao zilikuwa zake kweli. Ngozi aliiona kwa jirani yake, Mama Fikirini, mjane aliyeosha mchanga mtoni karibu na Geita na asiyejua kumficha mtu kitu. Thobias akapata hati ya ubunifu, inayomkataza mtu mwingine kuunda sanduku la namna hiyo, akaiuza kwa Gregory, mfanyabiashara wa mashine, akanywa chai ya maziwa mwezi mzima.

Kisha aibu ikaanza kumla. Kila asubuhi, "Shikamoo, Mama Fikirini," na kila asubuhi, "Marahaba, mwanangu." Alishindwa kumtazama usoni. Kusema kweli kukamshinda pia, basi akatafuta toba rahisi: akamtengenezea Mama sanduku jipya la namna ile ile, akamwomba waungane, wakaandikisha kazi hiyo kuwa ya ubia, kwa majina mawili. Mama akamwombea dua.

Gregory alipoliona sanduku lile akawashtaki wote wawili. Alitaka livunjwe, na wasiunde jingine.

Mbele ya jaji, Mwanza, Thobias alijikaza kiume. "Mheshimiwa, hati ile haina kitu. Mama huyu alikuwa akitumia ngozi hivyo kabla yangu. Mimi niliiga."

Mama Fikirini akageuka kumtazama. Ndiyo kwanza anasikia.

"Uliapa sanduku hilo ni ubunifu wako, ukauuza," jaji akasema. "Leo huwezi kumgeuka mnunuzi ukamwambia ulimuuzia hewa. Kwa hilo sheria haikusikilizi."

"Basi msikilizeni Mama! Yeye hakuuza kitu."

"Angekuja peke yake, ningemsikiliza. Lakini ni mshirika wako katika kazi hii hii. Kinachokufunga wewe kinamfunga na yeye."

Thobias alitamani ardhi ipasuke immeze. Uongo wake haukuwa umemziba Mama mdomo. Toba yake ndiyo iliyomziba.

Waliporudi mtoni, alilivunja sanduku kwa nyundo yake mwenyewe, kama alivyoamriwa. Mama Fikirini akaikung'uta ngozi, akaikunja taratibu.

"Siku ile ya kuapa, walikuuliza nani kakufundisha?"

"Waliniuliza, mama."

"Ukawajibu nini?"

"Nikasema hakuna."

Mama hakugomba. Afadhali angegomba! Alijitwika ngozi yake, akapanda ukingo, akaenda zake.

Asubuhi Thobias alimkuta mlangoni akifagia. Akainama kuliko siku zote. "Shikamoo, Mama Fikirini."

"Marahaba, fundi," akajibu, akaendelea kufagia.