Paka wa Kidawa na Mbwa wa Mjerumani

Akida Abdulrahmani alikuja kwa miguu yake mwenyewe, hakutuma askari. Likwata alikuwa kizingitini anamenya ming'oko, mizizi ya porini, maana mwaka ule wa njaa, baada ya vita vya maji, chakula cha watu kilikuwa kile walichosahau nguruwe.

"Shikamoo, bwana akida."

"Marahaba. Yule Mjerumani wa pamba anarudi kwao Ulaya, na mbwa wake wawili anakwenda nao. Sasa mbwa hawataki vizimba. Wanalia, wanatafuna mbao. Wewe ulikuwa mtegaji, unazijua tabia za wanyama."

"Mimi Muislamu, bwana akida. Mimi na mbwa wapi na wapi?"

"Paka wako humtaki?"

Likwata akaweka kisu chini.

Paka huyo, Chausiku, mweusi tii, alilelewa na marehemu mkewe Kidawa tangu hajafumbua macho. Askari walipolichoma ghala lao la mtama kule Kilangala, mume na mke walikimbilia Lindi na chungu, mkeka na paka. Chungu kilivunjika njiani. Mkeka alizikwa nao Kidawa, njaa ilipommaliza. Akabaki paka. Kisha akaja akida huyu huyu kumwazima, eti nyumba ya Mjerumani imejaa panya, atarudishwa mwezi ukiandama. Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama tena.

"Watayarishe wale mbwa wapande meli bila fujo," akasema akida. "Siku ya meli, paka wako unamchukua mkononi. Wallahi! Mimi Muislamu mwenzio, nikuongopee kwa ajili ya paka?"

Likwata alikwisha kuwasikia wengi. Wenye dawa walimwambia risasi zitageuka maji. Wenye serikali walimwambia lima pamba utashiba. Waliowaamini hawa na waliowaamini wale walilala shimo moja. Lakini mtu akishamtaja Mungu, utamwambia nini?

Akaenda.

Mbwa walikuwa wakubwa kama ndama, na walikula wali. Wali! Likwata aliutazama ule wali mpaka Petro, mpishi wa Mjerumani, mtu wa misheni, akaona haya, akamsogezea ukoko kwenye jani. "Kula, mzee. Hawa hawajui hesabu."

Likwata hakuwalazimisha mbwa. Mnyama haingii anaposukumwa, huingia anapokula. Akaviacha vizimba wazi, sahani ndani. Mbwa wakanyoosha shingo, wakarudi nyuma. Wakati huo Chausiku, aliyezoea kuwaona wakilala sebuleni, akapita katikati yao mkia juu, akaingia kizimbani akala nyama yao. Mbwa kuona vile, wakamfuata.

"Alaa! Kumbe huyu ndiye mwalimu," akasema Petro.

Basi Likwata akamfanya mwalimu kweli. Akamsukia tenga lake la ukindu lenye mlango, akaliweka mbele ya vizimba. Petro akipiga debe, kuwazoesha kelele za meli, Likwata alitupa dagaa ndani ya tenga, na Chausiku akakimbilia humo. Mbwa nao wakaingia kwao. Haikupita muda mrefu, debe likilia tu, kila mmoja yuko kwake ametulia. Bibi wa Mjerumani alisimama barazani akapiga makofi. "Paka zuri sana," akasema. Likwata akacheka naye. Ni kweli, paka alikuwa mzuri.

Jioni alikwenda kisimani kujitoharisha, mara saba, moja kwa udongo. Kazija jirani yake akashika pua.

"Likwata, pita kule upepo unakokwenda! Kidawa angekuona ungelala nje."

"Kidawa angeniambia mlete paka wangu nyumbani," akajibu.

"Na utampata?"

"Nimeapiwa."

Kazija akajitwika mtungi wake. "Haya, baba. Kalamba asali ya kiapo."

Siku ya meli, Likwata alivaa kanzu safi. Vizimba viliteremshwa pwani, mbwa kimya, wachukuzi wakashangaa. Nyuma ya vizimba aliona tenga lake la ukindu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa utepe mwekundu.

"Bwana akida, wamekosea. Wamelileta na tenga la Chausiku."

"Hawakukosea." Akida hakumtazama. "Bibi kampenda. Nani anamkatalia Bibi?"

"Uliapa."

"Niliapa, na Bibi kaomba. Unataka nimpige kofi?"

Petro, aliyekuwa kabeba makoti ya Bibi, akapita karibu na kunong'ona, "Kile kitanda cha chuma cha Bibi, mzee, kimepelekwa kwa akida asubuhi. Nimekibeba mimi."

Likwata alipiga magoti mchangani, akakata utepe kwa meno, akafungua. Chausiku akatoka, akajinyoosha, akapanda begani kwake kama alivyompanda Kidawa. Likwata akainuka akaanza kwenda zake. Wachukuzi wakampisha. Askari akamwangalia akida, akida akafungua mdomo.

Ndipo meli ikalia, mlio mzito wa kutetemesha kifua.

Chausiku akaruka. Kucha zikaipasua kanzu. Akakimbia mchangani moja kwa moja, akajitia ndani ya tenga, akajikunja nyuma kabisa, masikio wima, anangoja dagaa.

Watu wakacheka. Hata askari alicheka. "Mwenyewe kachagua Ulaya!" akasema mmoja.

"Chausiku," Likwata akaita. Akapiga ulimi kama alivyokuwa akipiga Kidawa. Paka alimtazama kwa upendo wote, asitoke. Kwa nini atoke? Kelele haijaisha, na mtu huyu ndiye aliyemfundisha kwamba humo ndimo salama.

Akida akavuta pumzi yake. "Umeona? Mungu mwenyewe kaamua. Sasa libebe mpaka kwenye mashua. Mtu mwingine akilishika paka atalia, Bibi atakasirika."

"Usimtaje Mungu," akasema Likwata. "Sema kitanda."

Akida akawaka uso. Akanyoosha fimbo yake baharini.

Likwata angeweza kukataa. Wangemtandika viboko, tenga lingebebwa na yeyote, mmoja wa wale waliokuwa wakicheka, na maji yalikuwa yamekwisha kujaa. Aliutazama mlango uliokuwa unachezacheza. Akachana kipande cha kanzu yake pale palipokwisha kupasuka, akaufunga, akalijaribu fundo, akalikaza tena.

Kisha akalitwika tenga kichwani, akaingia baharini. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Wimbi likaja kubwa. Likwata akafumba mdomo, akalinyanyua tenga juu kwa mikono miwili, paka asilowe.