Kikombe cha Mche Namba Kumi na Saba

Usiku wa jana niliota nimepandwa kwenye ndoo, udongo umenifika kiunoni, na shingoni nimefungwa kibao: NGASSA, SIKU YA AROBAINI, HAJANYWA.

Mbele yangu, kwenye kiti cha bosi wangu Dakta Sekela, umekaa mche wa mbono namba kumi na saba. Ndio pekee uliobaki hai kwenye jaribio letu. Tunatafuta mbono wa mafuta ya kuendeshea mitambo, unaostahimili ukame na baridi, na sheria yetu ni moja tu: mche ukinyweshwa, unang'olewa.

"Una kiu?" mche unaniuliza.

"Sana."

"Pole. Mimi uliniletea kikombe kila Jumamosi."

Ni kweli. Niliuonea huruma, mimi fundi wa miaka kumi na tisa kazini. Hata kusimulia naona aibu.

"Kikombe kimoja si maji," nasema.

"Basi leo saa tatu asubuhi saini kwamba sikunywa. Kesho nipelekwe kwa Bi Kabula."

Mara ndoo yangu iko shambani kwa Bi Kabula, mjane aliyekubali kung'oa mtama wake apande mbono wetu. Shamba zima ni vijiti vikavu. Anakagua mstari kwa mstari mpaka ananifikia.

"Na wewe ulisema unastahimili?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Natazama chini, nikiinua macho tuko kwenye chumba cha baridi, nyuzi mbili chini ya sifuri. Miche yote iliyokufa imepanga foleni, inatetemeka, kila mmoja na kikombe kitupu. Naogopa kweli.

Bi Kabula ananishika masikio yote mawili.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," anasema, na anavuta. Nasikia mizizi yangu ikikatika, mmoja mmoja.

Nikaamka, jua limeshatoka. Nikampigia Dakta Sekela kabla moyo haujageuka.

"Dakta, ule mche namba kumi na saba ulikunywa maji. Niliunywesha mimi."

"Najua," akasema. "Bi Kabula amenipigia sasa hivi. Mtama wake hang'oi. Halafu anauliza kama masikio bado yanakuuma."

Nikayagusa. Yalikuwa yanauma.