Tundu la Maganga

"Na hayo maji yako ya sabuni yakija tena huku kwangu, nayachota kwa ndoo nakurudishia mlango wa mbele!"

"Yachote! Sie Wanyamwezi tumetembea toka Tabora hadi pwani na mizigo kichwani, nyie Wazaramo dimbwi la sabuni linawashinda?"

"Mlitembea kwa sababu mlisikia harufu ya wali!"

"Na nyie mkauza mashamba mpate kucheza mdundiko! Hata hicho kiwanja ulichojengea, mtani, kimebaki kwa bahati. Ngoma iliisha mapema."

Mgeni angekimbilia kwa mjumbe. Sie wa huku Bunju hata shingo hatukugeuza. Mbwana, fundi mwashi, ni Mzaramo. Cyprian Maganga, jirani yake, ni Mnyamwezi. Watani. Asubuhi bila matusi ya hao wawili ni kama chai bila sukari, na sheria wanaijua tangu kwa babu zao: mtani hakasiriki. Akikasirika, anatoa kuku.

Mie naishi upande wa tatu. Uzio wao wa michongoma unaishia pale ilipo kamba yangu ya nguo, na sikuomba iwe hivyo.

Basi siku hiyo, katikati ya matusi, sauti zikashuka. Watani wawili wakinyamaza ghafla, hapo ndipo mwenye akili anapokwenda kuanua nguo. Nikatoka.

Lazima nikwambie kwanza ishu yenyewe. Shule ya msingi ya mtaani ilikuwa imepata fedha za kujenga vyoo, matundu kumi. Siku hizi kazi kama hizo wanapewa mafundi wa mtaani, na wazazi wanaunda kamati ya kuwachagua. Maganga alikuwa mmoja wa kamati hiyo. Alikuwaga karani wa ghala miaka mingi, watu wakaona huyu anajua kuhesabu. Naye Mbwana aliitaka kazi hiyo kufa na kupona. Tangu mfungo hajapata kazi ya maana, mwiko wake umeota kutu. Tena mjukuu wake, Hija, wa darasa la pili, vile vyoo vya zamani vinavyotikisika alikuwa anaviogopa. Anajibana kutwa nzima, akitoka shule anapita kwangu mbio kama anafukuzwa na nyuki, salamu anazitupa kwa mbali: "Shikamoo-mama-Badru!" Mlango wa choo cha babu yake ukilia pwaa, mtaa mzima tunashusha pumzi naye.

Sasa nikamsikia Maganga, mdomo kwenye michongoma. "Mtani, kazi ya vyoo naiona kama yako."

"Inshallah."

"Inshallah, na mie. Kwenye kamati wananisikiliza. Sasa mtani, katika kila mifuko kumi ya saruji, mmoja ukiota miguu ukaruka uzio ukaja kwangu, nani atauliza?"

Nguzo ya baraza ya Maganga wote tunaijua. Ina miaka imeishia kiunoni, kuku wanalala juu yake.

"Unanitania," Mbwana akasema.

"Nakutania, ndiyo!" Maganga akacheka. "Ila yule fundi wa Mbezi Luis nilimtania hivyohivyo jana, na yeye alicheka vizuri zaidi yako."

Akaondoka anapiga mluzi. Mbwana akabaki kasimama na ndoo yake ya maji ya sabuni, kasahau kuyarudisha.

Yaliyofuata ndani kwao nimeyapata kwa Rukaiya, mkewe. Alikula yamini kwa mumewe kwamba hatamwambia mtu. Kwake mie si mtu, ni jirani.

"Nikamwambia mpe tu," Rukaiya akanisimulia, anachambua mchele wangu kama wake. "Mtani ni ndugu. Mifuko michache, kazi tunapata, watoto wanakula. Akaniangalia hivi! Akasema, mfuko huo si saruji, ni sakafu ya choo. Sakafu ikizama na mtoto, Maganga atasema alikuwa anatania. Mie nitasema nini?"

"Si akatae."

"Akatae nini, mama Badru? Mtu kakwambia ni utani! Ukikataa kwa hasira, umekasirikia utani, unatoa kuku. Ukimshitaki kwenye kamati, atasema jamani, si namtania mtani wangu? Ukikubali, huo si utani tena."

Nikaweka ungo chini. Yule bwana kumbe alikuwa na akili! Rushwa kaivisha kanzu ya utani, ukiivua wewe ndiye unayeonekana huna adabu.

Siri ile nikaitunza. Nikawaambia wawili watatu tu pale genge, nao wakawaambia wachache wanaoaminika. Kufikia Ijumaa tulikuwa tunaitunza mtaa mzima. Wenyewe wawili tu ndio hawakujua kwamba tunajua.

Jumamosi kukawa na mkutano wa wazazi. Tuliketi kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yamefika kwenye masikio. Mwalimu mkuu, mwalimu Demetria, mama mfupi mwenye sauti ya kengele, akasema kila fundi ajieleze, kisha wazazi wapige kura kwa mikono. Fundi wa Mbezi Luis akaanza. Kijana msafi, viatu vinang'aa, simu yake imejaa picha za maghorofa. Akaipitisha, tukaangalia. Sikuona choo hata kimoja. Maganga, kwenye kiti cha kamati, akawa anatingisha kichwa kwa kuridhika.

Mbwana akasimama. Kofia yake ya kiua mkononi, kanzu ya Ijumaa imefuliwa upya. Rukaiya kanishika paja, kucha zinaingia.

"Mwalimu, wazee, shikamooni. Mie kazi yangu mnaijua, wengine mmelala ndani yake usiku wa kuamkia leo na mvua haikuwanyeshea. Sina picha. Ila nina jambo na mtani wangu yule pale. Naomba ruhusa nimtanie."

"Ruksa!" tukaitikia, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyopaswa.

Maganga akatabasamu, akakaa sawa.

"Mtani wangu alinitania pale kwenye uzio. Akasema katika mifuko kumi ya saruji, mmoja uote miguu. Mie si mtu wa kukataa utani. Nimekaa nimefikiri. Matundu ni kumi. Basi tisa nitayajenga kwa saruji yote inayotakiwa, nondo zote, na sakafu hata tembo akiingia kujisaidia atatoka salama. La kumi halitakuwa na saruji. Nitalijenga kwa mchanga, maji na dua."

Darasa likaanza kuchemka. Mzee mmoja nyuma akakohoa kicheko.

"Sasa mtoto asije akakosea akaingia humo. Kwa hiyo mlangoni nitaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: MAGANGA. Hilo litakuwa lake peke yake. Akibanwa nyumbani, awahi shule. Na walimu mnisikie, akiingia humo msifunge mlango, muwe mnachungulia kama bado yupo."

Mama yangu! Mtu alianguka kwenye dawati. Mwalimu Demetria alificha uso kwa daftari la mahudhurio, daftari likawa linatetemeka. Yustina, mkewe Maganga, ambaye nilimdhania atanuna, ndiye aliyepiga kigelegele.

Lakini mie nilikuwa namwangalia Maganga. Kicheko kilikuwa kimeanza kabla utani haujaisha, naye si mjinga. Aligeuka taratibu, akatutazama mstari kwa mstari, akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza huo mfuko wenye miguu ni habari gani. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Nikaona mishipa ya shingo inasimama, nikajisemea, kuku huyo anakuja.

Mbwana kasimama, kofia anaizungusha vidoleni. Alikuwa anacheka, ila vidole havikuwa vinacheka. Maganga angesema neno moja tu kwa hasira, kamati ingegawanyika, kazi ingekwenda Mbezi Luis.

Maganga akameza mate. Kisha akapiga meza.

"Jamani, mnamsikia Mzaramo?" akanguruma. "Mpeni saruji huyu muone! Wiki haiishi, kaiuza yote kacheza mdundiko! Hilo tundu la kumi anataka kulisingizia jina langu. Haiwezekani. Akipewa kazi huyu, saruji nitailinda mie mwenyewe, mfuko kwa mfuko. Nitaikalia!"

"Imepita!" mwalimu Demetria akadaka hapohapo, kabla mdomo wa Maganga haujafunga. "Mzee Maganga ndiye mpokeaji wa vifaa. Wanaomtaka fundi Mbwana?"

Mikono ikaota kama uyoga. Hata kijana wa Mbezi Luis alinyoosha wake, sijui kwa kusahau au kwa kufurahi.

Na kweli aliikalia. Alikwenda na kigoda chake kila asubuhi, akakaa juu ya saruji kama kuku anayeatamia, mwavuli wa Yustina kichwani. Mfuko hautoki bila yeye kuusindikiza hadi kwenye koleo. Akiona zege jepesi, anapiga kelele: "Mzaramo, huo ni uji wa mgonjwa! Ongeza!" Mbwana ananung'unika, anaongeza.

Tena ngoja. Siku moja jioni Mbwana alikuwa anatoka getini na kisado kidogo, masalia ya mfuko uliopasuka. Rukaiya alikuwa na jiko lake la kuni limemeguka ukingo, Mbwana akaona si neno. Maganga akamzibia njia.

"Mtani. Hicho kisado kinakwenda wapi?"

"Ni masalia tu, Maganga. Yangemwagwa."

"Kumbe yana miguu?"

Mafundi wote wakaacha kazi. Mbwana akageuka na kisado chake akakirudisha, na Maganga akamsindikiza nyuma akipiga mluzi uleule wa siku ile. Jioni hiyo kwenye uzio hakuna aliyethubutu kumwita mwenzake mwizi.

Vyoo vikaisha. Matundu kumi, milango ya buluu, haina jina la mtu, ingawa watoto wanajua lile la mwisho linaitwaje na hutawatoa hilo vichwani. Hija siku hizi anarudi shule anatembea. Anasimama kwangu, anasalimia vizuri, anaomba na andazi.

Jumapili iliyopita nikasikia koleo linakwaruza kwa Maganga. Nikatoka. Mfuko wa saruji umeegemezwa ukutani, Maganga kabandika juu yake risiti ya dukani ili kila apitaye aione, na Mbwana kapanda kwenye stuli anainyanyua ile nguzo toka kiunoni.

"Inapinda," Maganga akasema.

"Haipindi. Ni macho yako, yamezoea michembe, viazi vyenu vikavu vilivyojikunja."

"Ufundi utanidai ngapi?"

"Kuku. Siku ile ulikasirika, niliiona mishipa."

"Sikukasirika!"

"Muulize mama Badru."

Nikajificha nyuma ya shuka. Yustina akatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kanga. "Kuku kashaiva, acheni kelele. Babu Hija, shuka unawe. Rukaiya keshafika, yuko ndani anakoroga mchuzi wangu bila kuombwa." Halafu akageukia kamba yangu. "Na wewe huko nyuma ya shuka, mama Badru! Nguo hizo zimekauka tangu juzi. Zunguka uingie, tule."