Hamira Hapendi Msafara

Mwoka mikate alikuwa na farasi jike aliyemwita Hamira, kwa vile akikasirika alifura kama unga ulioumuka. Kila Jumapili, tanuri likishapoa, alimtandika wakaingia njia ya msituni, wawili peke yao. Wiki nzima aliwasikiliza watu: anayetaka mkate laini, anayetaka mgumu, anayetaka kujua kwa nini hajaolewa tena. Huko njiani hakuna aliyemwuliza kitu.

Adabu hakuikosa. Akikutana na wapanda farasi wengine alisogea pembeni, akasalimu, akawapisha. Geti alilolikuta limefungwa alilifunga nyuma yake. Na kabla ya kutoka alimwambia wifi yake anapita wapi.

"Wifi, watu wanasema," wifi alimwambia siku moja wakikanda unga.

"Wanasema nini?"

"Eti huko msituni una mtu."

"Ninaye. Ana miguu minne na anapenda karoti."

Wifi alicheka mpaka unga ukamwingia puani.

Asiyecheka alikuwa mwenye banda alimolala Hamira, mzee mmoja aliyezoea kuongoza msafara wa wapanda farasi kila Jumapili, watu wakamwita Mwenyekiti. Kila akimwona mwoka mikate alimwambia, "Njoo tukusindikize, mama." Naye akajibu, "Asante, niko sawa." Jibu hilo lilimkaa Mwenyekiti kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili moja, kwenye kona, mwoka mikate alisikia kwato za msafara nyuma yake. Akamtoa Hamira njiani, akanyoosha mkono kuwaomba wapunguze mwendo. Wengine walipunguza. Mwenyekiti aliongeza. Alipita mbio, karibu mno, buti lake likamgusa mwanamke goti. Hamira akafura, akageuka, akarusha teke hewani. Farasi wa Mwenyekiti akaruka pembeni, na mwenyewe akatua kwenye tope kama gunia. Farasi akatokomea.

Mwoka mikate alimtuliza Hamira, akamfuata yule farasi taratibu, akamrudisha akiwa amemshika hatamu.

"Umeumia?" akauliza.

"Farasi wako ni hatari! Ungekuwa nasi, haya yasingetokea."

"Ningekuwa kitandani pia yasingetokea. Nilikunyooshea mkono, ukauona."

Kuna mtu nyuma alikohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti akajifuta tope usoni.

"Kuanzia leo, bandani kwangu hakuna anayetoka peke yake. Ufuate msafara, au umhamishe farasi wako."

Hamira aliletwa bandani mle angali mtoto, na marehemu mume wa mwoka mikate, na banda jingine karibu halikuwepo. Wote walikuwa wakimtazama. Neno "sawa, nitafuata" lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Namhamisha," akasema. "Leo hii."

Akampitisha Hamira katikati ya mji, mbele ya maduka na macho ya watu, hadi uani nyuma ya duka lake. Wifi alitoka mikono kichwani.

"Umerukwa na akili? Farasi kwenye stoo ya unga!"

"Unga utahamia sebuleni."

"Na wageni watakaa wapi?"

"Wageni gani?"

Wifi akachukua ufagio.

Haikuwa rahisi. Majirani walilalamikia harufu, wateja kadhaa wakahamia kwingine, na magunia yalimzuia wifi kuona televisheni. Lakini Jumapili iliyofuata Hamira alitandikwa kama kawaida.

Walikutana na msafara kwenye daraja. Mwenyekiti alitazama miti.

"Habari za asubuhi!" mwoka mikate alimsalimu kwa sauti, akapisha. Mwenyekiti akapita. Nyuma yake wote walipita hatua kwa hatua. Wa mwisho, mwanamke kijana, alisimama.

"Dada, naweza kuja na wewe?"

"Hapana, mdogo wangu," alijibu, akitabasamu. "Mimi napita mlimani. Njia ya bondeni ni nyeupe, haina mtu. Nenda nayo mwenyewe."

Yule kijana alitazama msafara ukiyoyoma, akakaza hatamu, akakata kona kuelekea bondeni.