Sentensi ya Mzee Oakes

"Kata!" Harold Tindle aliita kwa mara ya kumi na moja, tena kwa upole kuliko mara zote, na upole huo ndio uliowatia hofu mafundi wa taa.

Katikati ya jiko la kuigiza, ndani ya studio nje kidogo ya London, mzee Clement Oakes alisimama na birika mkononi. Aliigiza jirani anayeleta habari za vita. Alipewa sentensi moja tu: "Keti, Edith. Mwanao hatarudi." Kila alipofungua kinywa, yalitoka maneno ya mchezo mwingine, wa miaka thelathini nyuma. Mwanzoni watu walicheka. Sasa hakuna aliyecheka.

Harold alikuwa ameigiza miaka ishirini na minane: mhudumu wa hoteli, koplo, maiti mara mbili. Hii ndiyo filamu ya kwanza aliyopewa kuongoza. Siku alipoipata, kabla hata ya kumwambia mkewe, alimpigia simu Oakes, aliyemfundisha uigizaji huko mjini Bolton, Harold alipokuwa angali hajui mikono yake aiweke wapi.

"Usinichukue kwa huruma, we mtoto," mzee alimwambia.

"Nani akuhurumie wewe na ubishi wako?"

Bwana Lomax, mwenye kuigharimia filamu, alimvuta Harold kando. "Sina ugomvi na mzee, Tindle. Ila siku inakwisha na hatujapata kitu. Aondoke yeye, au muondoke wote wawili. Maneno si unayajua? Igiza mwenyewe."

Harold akampeleka Oakes nyuma ya ukuta wa jiko, kwenye mbao tupu na misumari. Alikuwa ametafuta maneno matamu, yakamkimbia.

"Mzee wangu, inabidi nikutoe."

Oakes alitazama viganja vyake. "Mimi nami niliwahi kumtoa mtu," akasema. "Nilimwachia barua mezani, nikatorokea dirishani. Wewe angalau umekuja na uso wako."

Akavua koti la yule jirani, akamvisha Harold, akamnyooshea ukosi.

"Sasa sikiliza. Usilipapatikie lile neno. Weka birika kwanza, litulie. Ndipo useme: Keti, Edith. Mwanao hatarudi."

Sentensi ilitoka yote, safi, kwa ile sauti iliyokuwa ikifika mpaka viti vya nyuma kabisa.

Harold alimkodolea macho. Akataka kumrudisha jikoni mbio. Lakini upande wa pili Lomax alikuwa ameshaita, na taa zilikuwa zimewaka. Akaenda. Akaweka birika, akaliacha litulie, akasema. Mara moja tu ikatosha. Mafundi walipiga makofi, naye hakujua atazame wapi.

Alimkuta Oakes kwenye mkahawa wa studio, mbele ya bakuli la pudini, pamoja na Maureen, binti aliyekuwa akifuatilia maneno ya waigizaji.

"Harold!" mzee aliita kwa furaha. "Ulikuwa wapi? Wanatutaka saa ngapi?"

Maureen aligeuzia uso dirishani.

Harold akavuta kiti. "Bado kidogo, mzee. Kula kwanza."

"Hata wewe hujala, inaonekana." Oakes akatoa leso, akakifuta kijiko chake polepole, mbele na nyuma, akampa, kisha akamsogezea bakuli.