Maziwa ya Mimba

Mfaume hakuwahi kuona utovu wa haya kama ule. Bwana daktari, aliyehitaji tumbili wengi kwa uchunguzi wake wa malale, alimfungia dume kizimba kimoja na majike wanaonyonyesha, mchana kweupe, wala hakuona vibaya. Mfaume ndiye aliyewalisha tumbili hao, na kwa kuwa alizaliwa na kukulia mtaa wa Ng'ambo, alijua mwisho wake: watoto watabemendwa. Wazungu hawana neno hilo, lakini Tabora nzima inajua kwamba wazazi wasiojizuia mpaka mtoto aache ziwa humdhoofisha mtoto huyo kwa tamaa yao.

Naye alilijua jambo hilo kuliko alivyopenda. Mkewe, Batuli, alikuwa na mimba, na mwana wao Shomari alikuwa bado ananyonya, hata kutembea hajakaza. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mama yake Mfaume, Bi Mwanamkuu, alikuja kutoka Itetemia, akamtazama Batuli tumbo, kisha akamtazama mwanawe usoni.

"Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo," alisema. "Akirudi, mtoto aliyemwacha tumboni ndiye anayemfungulia mlango. Nyie mnalala nyumbani kila siku ya Mungu, na haya ndiyo matunda yake. Nipeni mjukuu wangu kabla maziwa ya mimba hayajamuua."

Akamfunga Shomari mgongoni, akashika njia ile ile ya zamani ya wapagazi. Batuli alibaki mlangoni, kanga imelowa maziwa kifuani.

Kazini majike wawili nao walikuwa na mimba huku wakinyonyesha: Kiguru na Kidomo. Mfaume hakumwuliza mtu. Alimtoa mtoto wa Kiguru akamweka peke yake, apone. Alipotaka kumtoa na wa Kidomo, mama mtu alimng'ata kidole gumba mpaka mfupani, naye akasema potelea mbali.

Mtoto wa Kiguru alimlea kwa uji wa mtama na maziwa ya mbuzi. Mtoto hakucheza. Alikaa amekumbatia magoti, manyoya yakanyonyoka, akafa.

"Nani alimtoa kwa mama yake?" aliuliza daktari.

"Mimi, bwana. Mama ana mimba."

"Kwa hiyo?"

Na mtoto wa Kidomo, aliyeshinda akinyonya maziwa yale mabaya, alikuwa ananenepa na kumvuta dume mkia. Mfaume alisimama mbele ya kizimba akikuna kichwa. Aliyelindwa amekufa, aliyebemendwa anaruka. Labda tumbili wana sheria yao. Labda asiye na haya hapatwi na kitu. Alizungusha mambo hayo kichwani mpaka uji wa tumbili ukaungua.

Ijumaa, baada ya sala, alikwenda Itetemia. Shomari alikuwa juu ya mkeka, amekumbatia magoti. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimegeuka rangi, na alimtazama baba yake kama mpita njia.

"Umembemenda, mwanangu," alisema Bi Mwanamkuu. "Mimi nalea ulichokiharibu."

Mfaume aliingiwa na hofu ya kweli, maana mkao ule alikuwa ameuona tayari. Akamnyanyua mtoto.

"Unampeleka wapi?"

"Kwa mama yake."

"Atakufa!"

"Na hapa je, mama?"

Bi Mwanamkuu alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nyumbani Mfaume alimweka mtoto mapajani mwa Batuli. "Mnyonyeshe."

"Maziwa ya mimba? Unataka nimuue kwa mkono wangu, Baba Shomari?"

"Nimeona wanapona."

"Umeona wapi?"

"Kwa tumbili."

Batuli alicheka, kisha akalia. Walipokuwa bado wanabishana, Shomari alilidaka ziwa mwenyewe, na ubishi ukaisha.

Majuma yakapita, uvimbe ukashuka. Siku Shomari alipocheka, Mfaume alitamba Ng'ambo nzima, na asubuhi alimsalimu Kidomo, "Shikamoo, mwalimu."

Kisha Kidomo akazaa. Mtoto alikuwa mdogo mno, ngozi na mifupa, na yule mkubwa hakuliachia ziwa. Alimsukuma mdogo wake pembeni, akanyonya huku na huku. Mfaume alitaka kumtoa mkubwa, akamkumbuka mtoto wa Kiguru. Alitaka kuwaacha, akakisikia kilio cha mdogo. Mkono wake ukabaki kwenye komeo, hafungui wala hauondoi. Juma halikuisha, Kidomo akawa anazunguka na maiti kifuani.

"Kwa nini, bwana?" Mfaume alimwuliza daktari.

"Labda walifuatana mno. Labda maziwa hayakutosha," alisema daktari. "Sijui."

Mfaume alimkasirikia. Mtu mzima na miwani yake, hata hilo halijui!

Jioni alimkuta Batuli uani, tumbo limemjaa mapajani, Shomari amelala juu yake ananyonya. Mtoto wa tumboni alicheza, na Shomari akampiga teke bila kuliachia ziwa.

"Mwalimu wako keshajifungua?" aliuliza Batuli.

"Kajifungua."

"Na mtoto?"

Mfaume alimtazama Shomari, akalitazama tumbo. Hakujua amwombee nani kwanza.

"Mzima," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Batuli, akamhamishia Shomari ziwa la pili.